Twende Mafia Tukamwone Papa Potwe



Sisi tunaokaa Kilosa na Mikumi tumezoea habari za ndovu. Wageni hutoka mbali kuja kuwatazama. Je, tunajua kwamba samaki mkubwa kuliko wote duniani yupo katika bahari yetu? Jina lake ni papa potwe, na anaonekana Kisiwa cha Mafia, mkoa wa Pwani. Leo tunaeleza jinsi kikundi kinavyoweza kupanga safari ya kwenda kumwona.

POTWE NI SAMAKI GANI?

Potwe mzima huweza kufika mita 12 na zaidi, yaani urefu wa basi la abiria. Wengi wa Mafia ni vijana, hawajafika urefu huo.

Mbona ni papa, hali watu? Hapana ndugu, hali watu. Meno yake ni madogo sana. Hufungua kinywa, maji yakaingia, naye akachuja uduvi na vijidudu vya baharini, kama sisi tunavyochuja majani ya chai. Mgongoni ana madoa meupe, ndiyo maana wengine humwita papa shilingi. Madoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine, kama vile dole gumba tulilokuwa tukibandika kabla ya kujua kuandika. Wataalamu huwatambua kwa picha za madoa hayo.

TWENDE LINI?

Karibu na Kilindoni, potwe huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Kwetu wakulima Oktoba inafaa: mavuno yameuzwa, na masika bado.

NJIA NI IPI?

Kutoka Mikumi, basi hupita Morogoro hadi Dar es Salaam, karibu kilometa 300. Kilosa kuna pia kituo cha reli ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Kutoka Dar es Salaam, shika barabara ya kusini, pita Mkuranga hadi Bungu, kisha kata kushoto kwenda Nyamisati. Hapo ndipo tunapanda chombo cha kwenda Kilindoni. Ulizeni mapema saa ya kuondoka.

Chombo kikijaa kupita kiasi, msipande, hata kama nauli mmekwisha lipa. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria mwaka 1996, na Spice Islander ikazama karibu na Zanzibar mwaka 2011. Zote zilibeba watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Bora kulala Nyamisati usiku mmoja.

FEDHA

Andikeni katika daftari: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, kukodi mashua, na akiba ya dharura. Bei hubadilika, kwa hiyo pigeni simu kwanza. Mweka hazina adai stakabadhi kila anapolipa, na aisome palepale.

MAJINI

Kumwona potwe hakuhitaji mtungi wa hewa. Watu huogelea juu juu kwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia. Shikeni haya:

1. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha.
2. Asiyejua kuogelea abaki mashuani. Asione haya, ataona vizuri.
3. Msimguse potwe. Kaeni mita 3 au zaidi kutoka mwilini mwake, na mbali zaidi kutoka mkiani. Pigo la mkia huumiza.
4. Msimzibe njia.

Tangu mwaka 2016 potwe amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Nyavu humnasa, na vyombo humgonga. Potwe aliyekufa huliwa mara moja tu. Potwe aliye hai humpa mwenye mashua riziki kila msimu, kama ndovu wa Mikumi anavyowapa riziki vijana wetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kikundi chetu kikiweka akiba kila wiki, kitaweza kusafiri lini?
2. Nani kati yetu hajui kuogelea?
3. Tufanye nini tukikuta chombo kimejaa?