Coco Beach Siku ya Bamvua

Jumapili mchana daladala za kwenda Masaki hushusha familia nzima nzima kando ya Oysterbay, kwenye ufuko ambao wakazi wa Dar es Salaam huuita Coco Beach. Hapana lango wala kiingilio. Mwenye nauli ya kwenda na kurudi, na fedha kidogo ya mihogo ya kukaanga na kachumbari, amekwisha kukamilisha matembezi yake. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeshauriwa kliniki atembee nusu saa kila siku hupata hapa mahali pa kutembea pasipo kukwepa bodaboda. Kwa kaya nyingi za mjini hii ndiyo burudani pekee isiyohitaji kuwekewa akiba.

Hata hivyo, kukosekana kwa lango kuna maana yake ya pili: hakuna anayehesabu walioingia majini, na kwa hiyo hakuna anayejua nani hajatoka.

Wavuvi wa Msasani hawashuki pwani bila kujua mwezi una siku ngapi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Dar es Salaam tofauti ya kimo huweza kuzidi mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa kabisa karibu na saa kumi jioni. Familia inayofika saa tano hukuta miamba imefunuka, na katikati yake vidimbwi vinavyomfika mtoto magotini. Lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, hukaza mwendo katikati, kisha hupoa. Kati ya saa sita na saa nane mchana hupanda takriban nusu ya kimo chote, yaani kama mita moja na nusu, nao ni urefu unaompita mtoto wa miaka 8. Mama aliyekwenda kupanga foleni ya mihogo hurudi akakuta kidimbwi kimekuwa bahari.

Wanaofika jioni hukutana na hatari nyingine, kwani maji huwa yanatoka wakati giza linaingia. Kila siku nyakati hizi husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na mwezi ukifika siku ya saba mambo huwa yamepinduka: jioni maji hupwa, tena ni maji mafu. Yamkini kalenda ya mwezi iliyotundikwa ukutani ni kinga bora kuliko boya lolote la kuchezea.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi hudhani anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Kwa kawaida hafanyi hivyo. Mdomo wake huzama na kuibuka kwa kitambo kisichotosha hata kuvuta pumzi, seuze kuita. Mikono huyasukuma maji chini, kichwa huelekea nyuma, na yote hayo huweza kumalizika katika muda usiofika dakika moja. Aliye hatua tano kutoka kwake anaweza asisikie lolote.

Anayemwona asimkimbilie mikono mitupu, maana mwenye kuzama humshika mwokozi na kumzamisha. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko humwelesha mtu mzima, nayo madumu hayakosekani penye wauza chakula. Kanga mbili zilizofungwa pamoja zaweza kumfikia aliye karibu. Wakati huohuo mwingine apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Akishafikishwa mchangani, ndipo linapotokea kosa linalogharimu maisha. Umati humlaza kifudifudi na kumkandamiza tumbo, au mtoto huning'inizwa miguu juu, ili maji yatoke. Maji yanayotoka hivyo ni ya tumboni, hayakuwa yakimuua. Yakija na chakula huingia mapafuni. Kinachomuua ni kukosa oksijeni, na moyo husimama kwa sababu hiyo. Alazwe chali, kichwa kirudishwe nyuma kidogo, pua ibanwe, apulizwe mdomoni hadi kifua kiinuke. Miongozo ya Ulaya husema pumzi 5 za mwanzo, ya Marekani husema 2. Tofauti hiyo ni ndogo mno mbele ya hasara ya kutompulizia kabisa. Asipoonyesha dalili ya uhai, kifua kikandamizwe katikati mara 30, kisha pumzi 2, na hivyo hivyo bila kukoma. Kwa mtu mzima kina kiwe sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Wahudumu wa kliniki wana nafasi ya kuyasema haya mapema. Mwenye kifafa asiingie majini pasipo mtu anayejua hali yake na anayeweza kumvuta. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni avae viatu hata ndani ya maji, kwa kuwa miamba ya Oysterbay hukata naye hatasikia. Na mwenye ualbino apange kufika baada ya saa kumi, jua likiwa limepungua makali, akiwa na kofia pana na mikono mirefu.

Aliyezama akazinduka mara nyingi huona haya, hukung'uta mchanga na kutaka kurudi nyumbani. Apelekwe hospitali hata akiwa anazungumza. Mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kuvimba saa chache baadaye, na dalili za kutazamwa ni kikohozi kisichokatika, kupumua kwa haraka na usingizi usio wa kawaida. Mhudumu atakayempokea ampime kiwango cha oksijeni katika damu na kumweka chini ya uangalizi kwa saa 4 hadi 8 kabla ya kumruhusu.