Usiku Kando ya Mto Kilombero

Akina mama, tunapowafuata baba watoto kwenye kambi za wavuvi, sufuria na unga hatusahau. Chandarua ndicho hubaki nyumbani. Wengine husema moshi unatosha. Hautoshi! Hapa hapa Kilombero na Ulanga, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Tuchomeke miti minne kibandani, tukifunge kabla ya giza.

Maji tuchote mchana, kwani usiku viboko hupanda kula majani. Na kabla ya sala ya jioni tupatane na mwenye mtumbwi: mtoto akiamka na homa, kunapopambazuka tu tuvuke kwenda zahanati.