Vita vya Florida kwa Kalamu ya Kapteni Sprague

Mwaka 1848, miaka sita baada ya vita vya pili dhidi ya Waseminole, kabila la wenyeji wa Amerika huko Florida, kutangazwa kuwa vimekwisha, Kapteni John T. Sprague wa jeshi la Marekani alipiga chapa kitabu kinene cha taarikhi ya vita hivyo, alivyovishuhudia kwa macho yake akiwa msaidizi wa Kanali William Worth, aliyekuwa pia baba mkwe wake. Basi msomaji mwenye insafu asistaajabu akikuta sifa za Worth zimemwagwa humo bila kipimo.

Chanzo cha vita hivyo hakikufichika. Serikali ilitaka kuwahamishia Waseminole magharibi ya mto Mississippi kwa mkataba wa 1832, ambao wengi wao waliukana. Na kwa kuwa waliishi nao watu weusi waliotoroka utumwani, wenye mashamba nao walikuwa na tamaa yao ya kuwarudisha watu hao utumwani. Tarehe 28 Desemba 1835 Meja Dade wa jeshi la Marekani na askari wake zaidi ya 100 waliviziwa na Waseminole njiani kwenda ngome ya Fort King, wasisalimike ila wa kuhesabika kwa vidole.

Lakini kurasa nizipendazo ni zile za Machi 1841, Coacoochee, kiongozi wa Waseminole, alipokuja kambini kuzungumza na Worth. Alikuja amevaa mavazi ya Hamlet, yaliyotekwa mwaka mmoja nyuma kwa wachezaji wa tamthilia karibu na St. Augustine. Wanajeshi, nadhani, waliuma midomo wasicheke. Ila kicheko kiliwakauka pale binti yake mdogo, aliyekuwa mateka humo kambini, alipomkimbilia na kumtia mkononi risasi na baruti alizokuwa akiziokota na kuzificha siku zote zile. Shujaa yule akalia mbele ya adui zake.

Baadaye mwaka ule ule Coacoochee alikamatwa, akatiwa pingu merikebuni katika ghuba ya Tampa, na Worth akamwambia kwamba watu wake wasipojisalimisha kwa muda uliowekwa, yeye na wenziwe watanyongwa. Sprague alilisimulia jambo hili kwa fahari ya mkwe, nami nalisoma kwa moyo mzito. Coacoochee aliwachagua wajumbe watano, akawakabidhi kifurushi cha vijiti, kila kijiti siku moja, ili walio msituni wajue wasaa uliobaki; nao wakaenda, na watu wake wakaja.