Nguvu ya Msuli Iko Katika Mpangilio

Chukua kipande cha paja la ng'ombe kutoka bucha yoyote ya soko la Kalerwe, ukichemshe mpaka kiive sana, kisha ukivute kwa vidole. Kitaachana kwa urefu, uzi kwa uzi, lakini kukikata kwa upana utahitaji kisu. Hapo umeshaanza kujibu swali ambalo wanyanyua vyuma wa Kampala hulijibu kwa futi ya fundi cherehani iliyozungushwa mkononi: nguvu ya msuli inatoka wapi? Wengi husema ni wingi wa nyama. Naona wingi unakuja nyuma, na kinachotangulia ni mpangilio. Kila uzi unaouona ni fungu la seli ndefu, nyembamba kuliko unywele, na kila seli ina viini vingi kwa sababu imeundwa kwa seli changa nyingi zilizoungana. Ndani ya seli mna nyuzi ndogo zaidi, zilizogawanyika katika vipande viitwavyo sakomea, kila kimoja kikiwa na urefu wa sehemu 2 hivi kati ya 1,000 za milimita moja. Humo ndimo zinamopishana protini mbili, aktini nyembamba na miosini nene.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba msuli ukijikaza, protini zake zenyewe hujikunja. Mwaka 1954 makala mbili katika jarida la Nature, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson, zilionyesha vingine: nyuzi hazifupiki, huteleza, aktini ikipita kando ya miosini. Amri huletwa na neva, kalsiamu humwagika ndani ya seli, na sehemu za kushikia kwenye aktini hufunuliwa. Vichwa vya miosini hushika, huvuta, huachia na kushika tena mbele, mfano wa watu wavutao kamba kwa kupokezana mikono. Linalosahaulika ni kwamba ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, inahitajika hata katika kuachia. Ng'ombe akishachinjwa ATP humwishia, vichwa hubaki vimeng'ang'ania, na baada ya saa chache nyama hukakamaa. Mzoga huo haukupata nguvu mpya, umekosa tu uwezo wa kuachia.

Ushahidi mzito zaidi, tena wa kuhuzunisha, uko mashariki mwa Uganda. Wilayani Kumi madaktari wameeleza habari za watoto wengi wasioweza kuchuchumaa wala kukaa sawasawa kwa sababu misuli ya makalio imegeuka kovu. Wameihusisha hali hiyo na sindano zilizorudiwarudiwa makalioni, hasa za kwinini, dawa iliyotibu malaria kwa miaka mingi. Kwinini ikidungwa msulini inaweza kuua seli. Msuli una seli za akiba za kujikarabati, lakini uharibifu ukizidi mwili huziba pengo kwa kolajeni. Kovu hilo hukaa pale pale palipokuwa na nyama, ila halina sakomea, haliitikii neva, haliwezi kujikaza wala kurefuka. Paja likitaka kukunjwa, ukanda huo hukataa, na mara nyingi inabidi daktari wa upasuaji aukate. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti badala ya kwinini kwa malaria kali ya watoto wa Afrika. Sababu ilikuwa kuokoa maisha, lakini misuli nayo inanufaika. Ningependa kila mzazi anayedai sindano kwa homa inayotibika kwa vidonge alijue hili.

Mtu atauliza: mbona mwenye misuli mikubwa hunyanyua zaidi? Ni kweli. Vyuma huongeza nyuzi zinazovuta sambamba, na unene huo ni nguvu. Lakini ni unene uliopangwa. Maji ya uvimbe hayavuti kitu, wala mafuta. Tena anayeanza mazoezi hupata nguvu katika wiki za kwanza, kabla msuli haujanenepa, kwa kuwa neva zimezoea kuziita seli nyingi zaidi kwa pamoja. Wachukuzi wa soko la Owino wanaojitwisha marobota ya mitumba mabegani hutegemea zaidi seli za haraka, zenye nguvu kubwa na zinazochoka upesi. Lakini mkimbiaji Joshua Cheptegei wa Kapchorwa ana mwili mwembamba, na tarehe 7 Oktoba 2020, mjini Valencia, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, rekodi ya dunia. Miguu ya wakimbiaji wa aina yake hujaa seli zinazojikaza polepole na kuchelewa kuchoka. Zina mitokondria tele na zimezungukwa na mishipa midogo ya damu, ili ATP isikatike na kila kichwa cha miosini kiweze kuachia kwa wakati, mzunguko baada ya mzunguko wa uwanja.