Presha Si Malaria: Tuelewane na Daktari



Hapa kwetu Olkaria, kutoka Narasha hadi Kamere, neno "presha" tunalisikia kila siku. Mtu akiharakishwa kazini anasema, "Usinipe presha." Basi muuguzi akimwambia mama, "Una presha," mama anaelewa kwamba ana mawazo mengi. Anarudi nyumbani kupumzika, vidonge anaviweka kando. Hatari inaanzia hapo.

Presha ya damu ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Nambari ya juu ni ya wakati moyo unaposukuma, ya chini ni ya wakati unapopumzika. Zikifika 140 juu au 90 chini, na zimepimwa zaidi ya siku moja, hiyo ni presha ya kupanda. Mara nyingi haiumi. Mtu anachunga ng'ombe au anaenda shamba la maua kama kawaida, kumbe ubongo, moyo na figo vinaumia. Kiharusi hakipigi hodi.

Utafiti wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa.

Neno lingine linalotupotosha ni "dozi". Malaria ukimaliza dozi, unapona. Presha haiko hivyo. Dawa inaishusha wakati unapoitumia. Ukiacha, inapanda tena. Kwa hiyo kujisikia vizuri si sababu ya kuacha. Vidonge vikikaribia kuisha, rudi kliniki.

Tufanye nini?

1. Beba dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, pamoja na kitabu cha kliniki.

2. Uliza: Presha yangu leo ni ngapi? Dawa hii nameza ngapi, saa ngapi? Nirudi lini? Bahasha ikiandikwa "1x1", maana yake ni kidonge kimoja, mara moja kwa siku.

3. Kabla ya kutoka, rudia kwa maneno yako: "Sista, nimesikia hivi..." Akikusahihisha si aibu. Ni afadhali kusahihishwa pale kuliko kukosea nyumbani.

4. Mzee anayejua Kimaa tu aende na mtu mzima anayemwamini. Mkalimani aseme yote, asifupishe.

5. Dawa ikikuvimbisha miguu au kukuletea kikohozi, au pesa zikikosa, sema. Usiache kimya kimya. Mara nyingi kuna dawa nyingine.

Chumvi pia tupunguze: mtu mzima asipite kijiko kimoja cha chai kwa siku, katika vyakula vyote.

Tangu Septemba 2023 Serikali imewapa wahudumu wa afya wa jamii mikoba yenye mashine ya kupima presha. Mwalikeni wa kijiji chenu siku ya mkutano, kabla ya kuchanga pesa.

Mkiona mtu mdomo umeenda upande, mkono umelegea, au maneno hayatoki, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali mara moja.

Ya kujadili kikundini: Ni nani kati yetu anajua nambari zake? Ni nani aliacha dawa, na kwa nini? Tusikilizane bila kuchekana.