Kushukuru Wakati wa Likizo, Nyumbani Kukiwa na Shida



Likizo ikikaribia, sisi wote tunaimba. Lakini wako kati yetu wanaoimba kwa mdomo tu, juu wanajua kinachowangoja nyumbani: chungu kimoja kwa siku, mzazi mgonjwa, nyumba iliyoingia maji. Na siku ya kufunga tunaambiwa, "Mwende mkamshukuru Mungu pamoja na jamaa zenu." Mimi kama kapita nimesikia wengine wakiuliza kwa sauti ya chini: tushukuru nini? Ulizo hili si la dharau. Linastahili jibu.

Kwanza tujue shida inatoka wapi. Hapa Uvira kuna watu wanaosema kwamba mwenye shida amelaaniwa, ao ni mvivu. Basi tuangalie ziwa letu. Tanganyika inapokea Ruzizi huku kaskazini na mito mingine mingi, lakini ina mlango mmoja tu wa kutokea, ni mto Lukuga, kule Kalemie. Mvua zikizidi, maji yanaingia mengi kuliko yanayotoka, na ziwa linapanda. Lilipanda miaka ya 1960, likapanda tena 2020 na 2021, na mwaka 2024 likaingia katika nyumba nyingi za pembeni. Aprili 2020 mto Mulongwe nao ulifurika: makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Tena mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kutoka 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazae. Sababu ni nzuri, lakini mvuvi hana mshahara mwingine. Mwanafunzi asiyejua mambo haya anarudi nyumbani na hasira juu ya wazazi wake, na macho ya hasira hayaoni kitu cha kushukuru.

Mimi nilikuwa mwanafunzi huyo. Likizo kubwa ya 2024 nilikuta nyumba yetu iko ndani ya maji mpaka dirishani. Tulihamia kwa shangazi, upande wa mlima, watu kumi na mmoja katika vyumba viwili. Baba alikuwa amekaa bila kazi tangu Mei. Wadogo wa shule ya msingi hawakuwa na shida, juu kule masomo ni bure tangu 2019. Lakini mimi na mdogo wangu wa kike, aliyemaliza shule ya msingi, tulihitaji minervali. Baba akatuita, akasema, "Watoto wangu, feza itatosha mmoja." Mdogo wangu hakusema kitu. Alienda kuosha sahani. Mimi nilimkasirikia baba, na wiki mbili nilimjibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Mwisho wa Agosti, ziwa lilipofunguliwa, baba alinipeleka usiku. Ndagala anavuliwa kwa taa katika usiku wa giza; mwezi ukiwa mkubwa haji kwenye taa, na wavuvi wanabaki nyumbani. Tulirudi asubuhi na mavuno ya kadiri. Mwenye mtumbwi alikata fungu lake, na sisi tukabaki na beseni moja. Mimi nilikwisha kupiga hesabu: beseni moja ni franka fulani, mara siku kumi, minervali inapatikana. Lakini baba alipofika nyumbani alijaza sahani kubwa kwanza, akampa shangazi kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Baba, tunatafuta feza ya shule, na wewe unagawa?" Akaniuliza, "Mwanangu, usiku huu utalala kwa nani?"

Sikupata jibu. Siku ile nilianza kufahamu.

Kushukuru si kusema kwamba shida ni nzuri. Baba hakusema asante kwa maji yaliyomeza nyumba. Mkisoma Habakuki sura ya 3, mistari ya mwisho, mtaona nabii anataja kwanza vyote vilivyokosekana, shambani na zizini, kimoja kimoja, bila kuficha. Ni baada ya hapo tu anataja furaha yake. Basi anayekuambia usitaje njaa ili uonekane mwenye shukrani, amekudanganya.

Tena, kushukuru si maneno ya kanisani peke yake. Ni kumjua mtu aliyekubeba, na kumrudishia kitu, hata kidogo. Shangazi alitubeba. Mdogo wangu pia alinibeba kwa kunyamaza kwake, nami sikuwa nimemwona.

Kwa hiyo ninawapa mashauri machache ya likizo. Ukifika nyumbani, uliza hali ya kweli kabla ya kuomba viatu. Hesabu watu, usihesabu vitu tu: nani anachota maji, nani anakula wa mwisho? Shika kazi moja ya mtu huyo mpaka likizo iishe. Na kama uchungu ni mwingi, useme kwa mzazi, ao kwa mtu mzima unayemwamini, usiufunge moyoni.

Mimi nilienda kubeba mchanga kwa wajenzi, na baba akagawa feza ile ndogo katika sehemu mbili. Mdogo wangu aliingia darasani wiki tatu baada ya wengine. Wote wawili tulifukuzwa mara kadhaa juu ya deni, na tukarudi. Nyumba yetu hatujaijenga. Mwaka 2025 vita navyo vilisukuma jamaa nyingi za kwetu kuvuka mpaka na kuingia Burundi, na kule pia watu walihitaji mtu wa kuwafungulia mlango.

Sasa niko mwaka wa mwisho, ninajitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Kila likizo ninapeleka sahani ya kwanza kwa shangazi. Ananiambia kila mara kwamba ni nyingi mno. Si nyingi.

Likizo njema kwenu wote. Turudi salama.

Kapita wenu