Muuza tiketi ya bahati nasibu akishinda, ni halali? Wanaozuiwa kucheza ni hawa

Msimu wa korosho ukichanganya, minada ikapita na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, pesa Masasi na Newala haikai sehemu moja. Nyingine inakwenda kwenye bati na ada za shule, nyingine kwenye pikipiki, na nyingine inaishia kwenye mikeka na tiketi za bahati nasibu. Hapo ndipo linapozuka swali la kijiweni: huyu anayetuuzia tiketi naye anacheza? Na akishinda, si atakuwa amejipigia?

Jibu linategemea kazi yake. Anayezuiwa ni yule anayeweza kujua au kugusa matokeo kabla ya wengine. Muuzaji wa kibandani kwa kawaida hayumo.

Nchini Tanzania michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Bahati Nasibu ya Taifa ilirudi 2025 ikiendeshwa na ITHUBA Tanzania. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, awe mteja au mtoto wa bosi. Kuhusu wafanyakazi, pa kuangalia ni masharti ya mchezo wenyewe, yale maandishi madogo ambayo wengi tunayaruka na kubonyeza "nakubali". Kwenye promosheni za kampuni utakuta mara nyingi sentensi moja: wafanyakazi na familia zao hawaruhusiwi kushiriki. Ndiyo maana pia droo hizo huchezeshwa mbele ya afisa wa Bodi.

Kwa nini ukali wote huo? Muulize Eddie Tipton.

Huyu jamaa alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo katika chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo mengi ya Marekani. Sheria ilimkataza kucheza. Desemba 2010 alinunua tiketi kwenye kituo cha mafuta mjini Des Moines, jimbo la Iowa, na tiketi hiyo ikaotea dola milioni 16.5. Hakwenda kuchukua pesa mwenyewe. Karibu mwaka mzima ulipita kimya, kisha saa chache kabla muda wa kudai haujaisha, akajitokeza mwanasheria akidai kwa niaba ya kampuni ya Belize. Iowa ikauliza swali jepesi tu: nani alinunua tiketi? Hakukuwa na jibu, na pesa haikulipwa.

Video ya kamera ya dukani ilipotolewa hadharani 2014, wenzake kazini walimtambua, wengine kwa sauti tu. Baadaye ikabainika alikuwa ameficha maelekezo ndani ya programu ya kuchagua namba, ili katika siku fulani za mwaka namba ziweze kubashirika. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Suala la familia ndilo linaloleta ubishi zaidi. Iowa inawakataza ndugu wa mfanyakazi wanaoishi naye nyumba moja. Kwa kipimo hicho, binti akiajiriwa na kampuni Dar es Salaam, mjomba wake aliyeko Newala anacheza bila shida, ingawa kwa Wamakonde mjomba si ndugu wa mbali hata kidogo. Masharti mengine yanasema "familia" bila kufafanua. Mwenye ndugu ndani ya kampuni aulize kabla ya kununua, maana akikutwa amevunja masharti zawadi inaweza kuzuiwa.

Sasa turudi kwa muuzaji wa kibandani. Yeye hajui namba zitakazotoka, kama wewe tu. Hatari yake inakuja baada ya droo, pale unapompa tiketi akuangalizie.

Jimbo la Ontario, Canada, lilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka 2001 mzee mmoja alipeleka tiketi dukani ikaguliwe, na zawadi yake ya dola 250,000 za Canada ikachukuliwa na wenye duka. Kisa kilipotangazwa na televisheni ya CBC mwaka 2006, ikaonekana wauzaji walikuwa wakishinda kupita kiasi. Hawakukatazwa kucheza, ila wateja walitakiwa kusaini tiketi zao, na mashine zikawekewa kioo kinachomgeukia mteja.

Hayo unaweza kuyafanya hata Masasi. Tiketi ya karatasi iandike jina na namba ya simu mara tu unapoinunua, ipige picha, na matokeo yaangalie mwenyewe. Ukicheza kwa simu, tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako, si ya rafiki wala ya wakala. Ukiambiwa "haijashinda", dai karatasi yako irudi mkononi kabla hujaondoka. Akikataa kuirudisha, wasiliana na kampuni siku hiyohiyo, na ikikuzungusha, peleka malalamiko Bodi.